Saa Kumi na Tano za Kwenda New York



Leo nawaletea hesabu ya darasa la sita. Kutoka Nairobi hadi New York, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, ni takriban kilomita 11,840. Ndege aina ya Boeing 787, ikishatulia angani, hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya. Jibu ni saa 13 na dakika chache. Sasa shika tiketi ya abiria uisome: kwenda, karibu saa 15, kurudi, karibu saa 14. Njia ni ile ile, ndege ni ile ile, na huenda hata rubani ni yule yule. Mwalimu angepiga mkasi mwekundu hapo.

Lakini tiketi haijakosea, na hizo saa zilizozidi zina wenyewe. Jioni hii tuwatafute.

Kwanza tukumbushane safari yenyewe ilivyoanza. Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilirusha kwa mara ya kwanza ndege yake isiyotua popote kati ya miji hii miwili, na Rais Uhuru Kenyatta alikwenda uwanjani kuiaga. Kabla ya hapo, mtu wa Nairobi aliyekuwa na safari ya Marekani alipitia London, Amsterdam, Dubai, Doha au Addis Ababa, akashinda au akalala kwenye viti vya uwanja wa watu. Ndege zenye uwezo wa kufika bila kutua shirika lilikuwa nazo miaka kadhaa nyuma. Kilichokosekana ni ruhusa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama Februari 2017, na hata baada ya hapo ulipita mwaka mzima na ushee wa makaratasi na ukaguzi. Kwa hiyo ukiniuliza New York ilikuwa mbali kiasi gani mwaka 2016, siwezi kukujibu kwa kilomita peke yake.

Sasa tushike njia. Kama una mtoto wa shule nyumbani, muombe ramani ya dunia, ile bapa ya ukutani. Weka rula Nairobi, ifikishe New York, chora. Mstari wako utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukate Nigeria, uingie Mali, utokee baharini kwenye pwani ya Mauritania. Unaonekana umenyooka kabisa. Sasa ukipata tufe, lile la plastiki linalozunguka kwenye kigingi, chukua uzi wa kushonea. Bana ncha moja Nairobi kwa kidole gumba, vuta ncha ya pili mpaka New York, ukaze. Uzi utahama wenyewe. Utapanda kaskazini kuliko ulivyotarajia: utapita Sudan Kusini, utagusa pembe ya Darfur, utaingia Chad jirani na mji wa Abéché, utavuka kaskazini mwa Niger na milima ya Ahaggar kule Algeria, kisha Morocco. Hapo ndipo unaiacha Afrika na kuingia bahari ya Atlantiki, unapita juu ya visiwa vya Azores vya Wareno, na kuifikia Marekani kutokea kaskazini mashariki. Ile njia ya rula, ambayo macho yanaiona imenyooka, ina kilomita kama 350 zaidi ya hii ya uzi. Ramani bapa imelichuna ganda la dunia ikalitandaza mezani, na ganda la mviringo halitandazwi bila kuvutwa huku na kule.

Lakini kwenye uzi huo kuna jambo jingine ambalo mimi hunistaajabisha kuliko hilo la kupinda. Pima kipande cha kutoka Nairobi hadi ufuo wa Morocco. Ni zaidi kidogo ya kilomita 6,100. Yaani zaidi ya nusu ya safari ya kwenda Marekani unaifanya ungali Afrika. Abiria anakula chakula cha usiku, anatazama filamu moja mpaka mwisho, analala usingizi wa kwanza, anashtuka, anagusa kioo kilicho mgongoni mwa kiti cha mbele yake kuangalia ile ndege ndogo ya kuchorwa imefika wapi. Imefika Sahara. Anatazama filamu ya pili. Bado Sahara. Tumezoea kusema Amerika iko mbali. Tungekuwa wakweli zaidi tukisema Afrika ni kubwa.

Na hapo nina neno, mtanisamehe nikichepuka kidogo. Huyu abiria amepita juu ya Chad bila shida yoyote. Je, kama angetaka kushuka huko? Nairobi hadi N'Djamena, mji mkuu wa Chad, ni karibu kilomita 2,850, umbali ambao ndege ya moja kwa moja ingeumaliza kwa saa tatu na nusu au nne. Lakini mfanyabiashara wa Nairobi mwenye shughuli N'Djamena kwa kawaida hupitia Addis Ababa, akae pale akisubiri ndege ya pili, na akijumlisha kungoja na kuruka siku yake imekwisha. Mwenye safari ya Algiers au Casablanca naye si ajabu ukamkuta Doha au Istanbul, amelipeleka begi lake Asia au ukingoni mwa Ulaya ili alirudishe Afrika. Serikali zetu zinalijua jambo hili. Mwaka 1999, mawaziri walikubaliana Yamoussoukro, Ivory Coast, kwamba mashirika ya Afrika yafunguliwe anga ya Afrika. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, nchi 23 zikiwa mstari wa mbele, Kenya ikiwemo. Kati ya makubaliano na uzinduzi ilipita miaka 18 na ushee, na tangu uzinduzi bado kila nchi inapima kwanza ndege ya jirani itamnyang'anya nani abiria. Mimi naona aibu kidogo kwamba mwaka ule ule wa 2018 tuliweza kuunganisha Nairobi na New York lakini Abéché tunaendelea kuiona kwenye kioo cha kiti tu.

Turudi njiani. Njia ya uzi ndiyo fupi, lakini si lazima iwe ndiyo ndege inayoifuata usiku wa leo. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika mengi yaliyokuwa yakipita huko yakalazimika kuzunguka. Ukizunguka nchi kubwa kama Sudan unalipa kwa dakika, na kila dakika ina mafuta yake. Mizunguko ya namna hii ndiyo mlaji wa kwanza wa saa zetu.

Wa pili ni upepo, na huyu ndiye mlaji mkubwa.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Karne na karne, jahazi la Muscat au la Bombay lilikuja Mombasa, Lamu na Unguja kwa kaskazi, likangoja kusi lianze kuvuma ndipo lirudi. Nahodha aliyeulizwa safari ni ya siku ngapi aliuliza kwanza ni mwezi gani. Sasa, kule juu, kilomita tisa hadi 12 kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mwaka nenda mwaka rudi, na wakati wa baridi ya kaskazini hupata nguvu za ajabu. Kasi ya kilomita 160 kwa saa huko ni jambo la kawaida, na kuna siku hupita 300. Mto mmoja hukatiza Afrika ya kaskazini juu ya Sahara, mwingine huvuma Atlantiki. Ndege ya kwenda New York hukutana nayo uso kwa uso. Ya kurudi husukumwa mgongoni. Hesabu ni nyepesi: upepo wa kilomita 50 tu kwa saa, ukikupiga usoni njia nzima, unakuongezea dakika 45 hivi. Ndiyo maana kwenda si sawa na kurudi. Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa ikipiga Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa nne na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Rubani hakuongeza moto kuliko kawaida. Alipata upepo mzuri nyuma yake.

Kuna maelezo mengine nimeyasikia vijiweni, na hata kwa watu waliosoma: kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, basi ndege ikiruka kwenda magharibi, New York inaifuata yenyewe. Ingekuwa hivyo, safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi, na tiketi inasema kinyume. Hewa inazunguka pamoja na dunia. Pale Nairobi, karibu na ikweta, ardhi yetu inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Hewa ingekuwa imesimama huku sisi tunakwenda, mabati ya Kenya nzima yangekuwa baharini kufikia chakula cha mchana.

Tuje kwenye uwanja wenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ule wa New York, John F. Kennedy, uko mita chache tu juu ya maji. Ukisimama kwenye ukingo wake unaona ghuba. Nairobi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Mabawa yanapata hewa haba ya kujishikilia, injini zinapata hewa haba ya kupulizia, kwa hiyo ndege nzito inahitaji mbio ndefu zaidi kabla haijaacha ardhi. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na safari hii inahitaji nafasi hiyo. Kuondoka usiku kunasaidia pia, maana hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. Hata hivyo kuna nyakati ambapo hesabu ya uzito inakataa, na mzigo fulani unaachwa.

Uzito huo unatoka wapi? Zaidi ya yote, kwenye mafuta. Shirika lilipotangaza safari hii lilisema kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12, kwa ndege ya abiria 234. Ndege hii inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa takriban tani 228 kwa jumla. Yaani zaidi ya theluthi moja ya kinachoinuka Nairobi usiku ule ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo kazi yake ni kuyabeba mafuta mengine. Ndege inaanza safari ikiwa nzito, haiwezi kupanda moja kwa moja mpaka juu kabisa. Hupanda kwa hatua, kadiri inavyochoma na kupungua mwili. Marubani wanne ni kwa sababu sheria hairuhusu mtu kukaa kwenye usukani saa 15. Wawili wanaendesha, wawili wamelala, na vitanda vyao vimefichwa juu ya dari, mahali ambapo abiria hawezi kuviona.

Kwenye dirisha la kukaguliwa mizigo, tani zinageuka kuwa kilo na siasa yake inakuwa ya nyumbani. Simama pale usiku wowote uangalie. Mama kafungua sanduku sakafuni, mkanda wa mizani unaonyesha 25 na nusu na mwisho ni 23. Anatoa pakiti za majani ya chai, anazihamishia kwenye mkoba wa binti yake. Unga wa wimbi unabaki. Omena zimefungwa mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, maana harufu haina viza. Anapima tena: 23 na nusu. Kijana wa mizani anatazama pembeni, anabandika karatasi. Ndege ile ya tani mia mbili na kitu imebeba nusu kilo kwa hisani yake.

Na usiku wenyewe, je? Ndege hii huondoka saa tano na ushee usiku na kufika saa kumi na mbili na ushee asubuhi, kwa saa za huko. Ukitazama haraka utasema safari ni ya saa saba. Zilizobaki zimemezwa na tofauti ya saa. Sisi hatusogezi saa zetu. Wamarekani husogeza: mbele mwezi Machi, nyuma mwezi Novemba. Kwa hiyo tofauti yetu na New York ni saa saba wakati wao wa joto na saa nane wakati wa baridi, na wenye jamaa kule wanajua wiki hizo za simu kupigwa wakati mtu kalala.

Sasa fikiria Desemba. Jua limezama Nairobi saa kumi na mbili unusu jioni. Umeruka kuelekea magharibi, yaani unakimbia pamoja na usiku. Usiku unakushinda mbio, lakini kwa taratibu, basi alfajiri nayo inakufuata kwa kuchelewa. Unatua New York saa ya Nairobi ikisoma saa nane unusu mchana, na nje bado giza, kwa kuwa jua la Desemba kule huchomoza saa moja na robo. Kutoka machweo ya Nairobi hadi macheo ya New York ni zaidi ya saa 20 bila kuona jua. Mwislamu anayetaka kuswali alfajiri ndani ya ndege hiyo akiifuata saa ya mkononi itampotosha. Inambidi afungue pazia la dirisha atazame upeo wa macho. Kurudi ni kinyume: unaondoka mchana, unaukimbilia usiku uje, na ukishaingia haukai. Wengi wanaona kurudi kunachosha mwili zaidi ingawa saa ni chache. Mwili haujasoma tiketi.

Wazee wetu wangetucheka kwa kulalamika. Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na barua ilichukua takriban siku kumi, kwa kuunganisha ndege za nchi kavu, treni, na ndege za kutua majini zilizoshuka kwenye Nile na Ziwa Viktoria. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda New York, katika mpango aliouhangaikia mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani, akiwemo mchezaji besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata lilikwenda kundi kubwa zaidi, na ndani yake alikuwemo Wangari Maathai, mwanamazingira wa baadaye. Wengi wao hawakuwa wamepanda ndege maishani. Ndege za wakati ule zilitua njiani kujaza mafuta, zikaruka, zikatua tena. Kilomita zilikuwa hizi hizi.

Nimalize na jambo la faida. Wengi wa watu wetu waliopo Marekani hawakai New York. Wako Minnesota, Texas, Maryland, Washington. Mzazi anayetoka Eldoret kumtembelea mwanawe Minneapolis amekwisha kaa barabarani kilomita 310 hivi kabla ya kuiona ndege, na akishatua JFK bado ana saa tatu za ndege nyingine. Kati ya hizo mbili kuna foleni ya uhamiaji, alama za vidole, na maswali ya unakwenda kwa nani na utakaa muda gani. Ukimkatia tiketi, mwachie angalau saa nne pale JFK. Mwambie pia kwamba sanduku lake, hata kama Nairobi waliliandikia Minneapolis, atalikuta kwenye mkanda New York na ni lazima alichukue kwa mikono yake, alipitishe forodhani, kisha alikabidhi upya. Nyama, matunda na mbegu asibebe. Majani ya chai hayana neno. Akiulizwa, aseme anavyo vyakula, atawaonyesha. Anayetaja hupitishwa au hunyang'anywa tu, na anayeficha hutozwa faini.